Maua Meupe Katika Wimbo wa Mama

Mdogo wangu Festo, uliye Dar es Salaam na ndani ya simu za watu,

Sikuulizi hali. Hali yako naiona kila Jumapili jioni, umekaa mbele ya kamera na shuka jeusi la mgolole begani, fimbo mkononi, nyuma yako pazia lenye picha ya milima ambayo si ya kwetu, ukiwafundisha watu namna ya kuwa Wahehe. Umenenepa, macho yako ni mazima, na sauti umeifanya nzito kuliko ile uliyozaliwa nayo. Kwa hiyo salamu tuziruke.

Barua hii nitaiweka kwenye kundi la ukoo, lile ulilolifungua mwenyewe na kujipa uenyekiti, kwa sababu simu zangu hupokei. Namba yangu umeifungia tangu tulipomzika Mama. Juzi Baba mdogo Chelestino alinionyesha tangazo lako: kwamba kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Mama itafanyika nyumbani Kilolo kwa taratibu za asili za Kihehe, kwamba utakuja na kikundi chako cha ngoma na mtu wa kupiga video, na kwamba wageni kutoka Mbeya wanaombwa kuheshimu mila za wenyeji kwa kutocheza wala kuimba. Wageni kutoka Mbeya. Unamsema Mama mdogo Lugano, aliyelala tumbo moja na Mama. Nililisoma tangazo hilo nikiwa kwenye yadi yangu ya mbao hapa Iringa, nikacheka mpaka mteja aliyekuwa akipima papi akaacha kupima. Alipoondoka sikucheka tena.

Mama alituomba jambo moja tu. Ulikuwepo, na usiseme hukuwepo, maana ulikaa kwenye kigoda karibu na mlango ili upate mtandao. Alikuwa amejifunika blanketi, miguu ameielekeza kwenye mafiga, tayari amekonda. Akasema, "Nikifa, wadogo zangu wa Iyunga waje wanichezee. Msinizike kimyakimya kama mtu aliyeiba." Wewe ukamwambia asiongee mambo hayo, atapona, ukarudi kwenye simu. Mama akanitazama mimi. Nikamwambia tumesikia.

Kwa wale wa kundi ambao hawajawahi kufika msibani kwa kina Mama, Wanyakyusa: wanawake hufunga kanga viunoni, ngoma inapigwa, wanamcheza marehemu wakimtaja kwa matendo yake, mema na ya kuchekesha pia. Aliyekuwa mchoyo wa chumvi atatajwa na chumvi yake. Waliokuja kulia wanalia wakiwa wanacheza, na wakichoka wanakaa chini pamoja na wafiwa. Ndivyo wanavyomsindikiza mtu wao. Mama aliwasindikiza wengi hivyo kabla hajaolewa, na alitaka naye asindikizwe. Hakuomba lile jeneza la vioo ulilomletea.

Sasa nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu ulikuwa mdogo, na yale machache unayoyakumbuka umeyavalisha mgolole.

Baba alikuwa utingo wa lori kabla hajawa dereva. Njia yake ilikuwa ni hii hii ya Iringa kwenda Mbeya na kushuka mpaka mpakani. Mama alikuwa akiuza ndizi mbivu na chai kando ya barabara pale Iyunga, Mbeya, na Baba, ambaye hakuwa mpenzi wa ndizi hata kidogo, akawa anashuka kununua ndizi kila lori likipita. Mkungu mzima, Festo. Dereva wake alizila ndizi hizo mpaka akaomba abadilishiwe utingo. Alipomleta Mama Kilolo, Mama alikuja na sanduku moja na mche wa mgomba aliouzungushia gunia bichi. Bibi mzaa baba akautazama ule mche, akautazama mkono ulioushika, akauliza kwa Kihehe kama huko wanakotoka watu hawajui mahindi. Mama hakuelewa. Akacheka kwa heshima na kumsalimia, "Kamwene," neno pekee alilofundishwa njiani, akalivuta kwa lafudhi ya kwao. Bibi alilisimulia jambo hilo kwa miaka mingi, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mapenzi.

Mgomba ule ulipigwa na baridi ukabaki mfupi, lakini haukufa. Upo mpaka leo nyuma ya jiko. Siku ya mazishi uliamuru ufunikwe kwa turubai usionekane kwenye video.

Kihehe Mama alijifunza shambani, kwenye pareto. Wakati huo wanawake wa kwetu walikuwa wakichuma pareto, yale maua meupe yenye kiini cha njano, wanajaza vikapu, wanayaanika, kisha yanapelekwa kupimwa kwa kilo. Ni kazi ya kuinama kutwa nzima. Mama alichuma na wenzake, na mimi nilikwenda naye kumbeba mtoto. Mtoto huyo alikuwa wewe. Ulikuwa na ugonjwa wa sikio. Linatoa usaha, linakauka, linaanza tena, na likianza unalia mpaka unabadilika rangi. Mgongoni kwangu hukutulia hata siku moja. Kwa hiyo Mama alikuchukua mgongoni kwake, mimi nikashika kikapu, akawa anachuma huku anakuimbia.

Sauti ya wimbo ilikuwa ya kwao. Ni ile ile waliyobembelezewa yeye na wadogo zake na mama yao kule Rungwe. Maneno aliyatunga mwenyewe kwa Kihehe chake cha kuungaunga, na alipokosa neno alichomeka la Kinyakyusa akaendelea. Alikuwa akisema: nyamaza, mwanangu, maua meupe hayajajaa kikapu, nyamaza, baba yako yuko barabarani. Kulikuwa na mstari mmoja wa mwisho, huo nauacha kwanza. Ulipotulia, Mama alinyoosha mgongo, akacheza hatua mbili tatu pale pale kati ya matuta, wewe umelala, kichwa kinayumba. Wanawake wenzake walicheka wakasema huyu mke wa utingo ana wazimu. Kesho yake nao wakawa wanauimba.

Huo ndio mwanzo wake, mheshimiwa mwenyekiti. Sikio lako.

Namna wimbo ulivyotoka shambani nayo nimeiona kwa macho yangu. Wachumaji waliupeleka kwenye harusi zao, wakauongeza mwendo na kuutia ngoma ya kwetu, kwa hiyo nusu ya uzuri wake ni wa wanawake wa Kilolo na siwezi kuwanyang'anya. Kisha kwaya ya kanisa ikauchukua. Maua meupe yakawa mavazi ya watakatifu, na baba aliyeko barabarani akawa Baba aliye mbinguni, na mwalimu wa kwaya akaukata mstari wa mwisho kwa sababu hakuupenda. Halafu shule ikaufanya wimbo wa kupokea wageni, wanafunzi wanapunga majani wakiimba kuwa mgeni yuko barabarani. Baadaye vijana wa mjini wenye kikundi cha ngoma, wale wanaowachezea watalii mahotelini, wakaupata kutoka kwa mmoja wao aliyesoma shule hiyo. Wakaleta ngoma kubwa na manyoya kichwani. Na wewe, uliyeanza kuusikia ukiwa na kamasi, ukaupata kwao hotelini siku ya semina, ukatokwa machozi kwenye video ukisema umeisikia sauti ya mababu.

Mama aliwahi kukisikia kikundi hicho. Tulikuwa kwenye harusi hapa mjini, wakaingia kwa kishindo, na Mama akanishika mkono. "Hebu tulia, nisikie walivyouharibu," akasema. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema pale katikati wameutengeneza vizuri kuliko yeye. Hakusimama kusema wimbo ni wake. Alikula kuku wake, akapiga makofi. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie, akasema sauti yenyewe aliikuta kwa mama yake, na mama yake hakumwambia alikoipata.

Sasa sikiliza maelezo yako mwenyewe, maana nimeyarudia mara nyingi ili nisikusingizie. Umesema maua meupe ni mifupa ya mashujaa iliyotapakaa vitani. Umesema anayelia ni taifa la Wahehe. Umesema aliyeko barabarani ni mtemi anayerudi na jeshi lake. Yale maneno mawili usiyoyaelewa umesema ni Kihehe cha kale kilichopotea, na umewaomba wazee wenye kumbukumbu wakuandikie. Festo, ni Kinyakyusa. Ungempigia Mama mdogo wako, yule mgeni kutoka Mbeya, angekwambia akiwa anamenya ndizi. Na hiyo mifupa ya mashujaa ni pareto, zao lililoletwa na walowezi, ambalo mama yako alilichuma mpaka vidole vikachubuka ili upate madaftari. Aliyekuwa barabarani hakuwa mtemi. Alikuwa Baba, tairi limepasuka.

Usidhani ninakuchukia kwa kutojua. Watu wengi hawajui na wanaishi vizuri na majirani zao. Kinachonitia kinyaa ni kutojua kwako kunakotembea na kipaza sauti.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kununua mgolole wako? Mazishi yalikuwa kesho yake. Nilikupeleka kwa Mama Hansa, duka lile la nguo karibu na soko, ambalo alilirithi kutoka kwa babu yake. Mama Hansa ni Mhindu, amezaliwa Iringa na hana mji mwingine. Alipotuona akatoka nyuma ya meza, akakushika mikono miwili, akasema, "Kamwene." Ukamjibu, "Poa, mama." Akakupa pole ya msiba kwa Kihehe, sentensi ndefu iliyonyooka, nawe ukanigeukia mimi nikutafsirie. Nikatafsiri, na sijui kama niliona aibu au nilitaka kucheka. Ukachagua kitambaa, ukakijaribu mbele ya kioo, ukapiga picha. Tulipotoka nje ukaniambia tatizo la wale watu ni kwamba wapo kibiashara tu, hawana mizizi hapa.

Babu yetu alinunua migolole yake kwa babu yake Mama Hansa. Bibi alikuwa akisimulia kwamba wazee wa zamani zaidi walivaa ngozi, kisha nguo za dukani zikapanda kutoka pwani, wakazipenda kwa sababu ya baridi yetu, wakazivaa kwa namna yao, mpaka mtu akimwona mzee na mgolole anajua huyu ni Mhehe. Mimi sina ugomvi na nguo hiyo. Nimevaa kitenge kilichotengenezwa sijui wapi, na kimekuwa changu. Mahindi yalikuja, pareto ilikuja, misonobari ninayoipasua mbao na kuuza ilikuja, Mama naye alikuja na mgomba wake kwenye gunia. Kila kitu ndani ya nyumba yetu kilipita mlangoni. Wewe pia umepita mlango huo huo, na ulipofika ndani ukaufunga, ukasimama hapo kuuliza Mama mdogo ana kibali gani.

Halafu chakula cha msiba. Ulikataza wali na pilau kwa sababu ni vya pwani, ukaagiza ugali wa ulezi. Wanawake wakahangaika kuutafuta ulezi wilaya nzima, wakausaga, wakausonga wakiwa hawajausonga tangu wakiwa wasichana, nao ukatoka na mabonge. Waombolezaji wakaumeza kwa adabu. Watoto wakalala na njaa. Mimi nilikwenda kwenye gari lako kuchukua chupa ya maji nikakukuta umejiinamia kwenye kiti cha nyuma, mgolole umeukunja pembeni usichafuke, unakula chipsi mayai. Ukaniambia sukari ilikuwa imeshuka. Nikakuachia mlango wazi upate hewa.

Nifike kaburini, maana ndiko ninakokwenda tangu mwanzo.

Mama mdogo Lugano alifika asubuhi na wenzake, wamesafiri kutoka Iyunga, ngoma yao imefungwa kwenye kitenge. Walikaa pembeni karibu na jiko wakisubiri kuitwa, kwa sababu ugenini mtu hajitokezi mpaka aitwe na wenye msiba. Wewe ndiye uliyekuwa na kipaza sauti. Uliwaita vijana wako wa hotelini. Ukaeleza kwamba Mhehe halisi hamchezei maiti, kwamba kwetu mwanamke husindikizwa na wanaume kwa wimbo wa mababu, na watu wote wakae kimya. Nilimwona Baba mdogo Chelestino akigeuka kumtazama mzee mwenzake. Baadaye aliniambia kwamba amezaliwa hapo, amezika wazazi wake hapo, na utaratibu ule aliuona kwa mara ya kwanza siku hiyo, kama sisi wengine.

Vijana wakapiga. Ukaanza wimbo. Nyamaza, maua meupe hayajajaa kikapu. Wale mabibi wa Kilolo waliochuma pareto na Mama wakanyanyua vichwa kwa pamoja. Mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Na kule jikoni Mama mdogo akasimama, kwa sababu alisikia sauti ya mama yake mzazi, akaanza kuja taratibu huku anafunga kanga kiunoni. Wenzake wakaifungua ngoma.

Ukasimamisha wimbo. Ukasema kwenye kipaza sauti, milima yote ikasikia, "Mama mdogo, tunaomba ukae. Huu ni wimbo wa mababu zetu, siyo wa kuchezewa."

Nilikufuata, nikakwambia sikioni kwamba wimbo huu ni wa Mama, aliutunga yeye, na aliomba achezewe. Hukuzima hata hicho kipaza sauti. Ukasema, "Dada, wewe fanya mambo ya mbao. Haya niachie." Watu walicheka kidogo, kicheko cha kutojua wafanye nini. Jeneza lilikuwa limeshikwa na wanaume juu ya shimo, kamba zinawakata mikono. Sikuona sawa Mama ashikiliwe hewani tukigombana. Akashushwa kimya. Kisha ukachukua kibuyu ukamwaga ulanzi, ile pombe ya mianzi, juu ya kaburi la mwanamke ambaye hakuwahi kuuonja, ambaye Baba akirudi na harufu ya ulanzi alimfungia mlango mpaka jogoo awike. Kama kuna siku Mama alitamani kuinuka, ni hiyo.

Nilimkuta Mama mdogo jikoni akiifunga tena ngoma yake. Aliniuliza wimbo ule umefikaje huku, mbona ni sauti ya kwao. Nikamweleza habari za pareto na mtoto mwenye sikio bovu. Akauliza, "Mtoto mwenyewe ndiye nani?"

"Ndiye huyo mwenye kipaza sauti," nikamwambia.

Alikutazama kupitia mlangoni. Wewe ulikuwa ukipangwa kwa picha. Kisha akamwambia mwenzake, "Haya, twendeni," na wakaondoka bila kula, wakashuka kutafuta gari la kuwarudisha barabara kuu. Nilitembea nao mpaka njiapanda. Mama mdogo hakusema neno baya juu yako. Alisema tu kwamba hajui atawaambia nini wenzake waliochanga nauli, kwamba walikwenda kumcheza dada yake na wakarudi na ngoma haijaguswa.

Mwaka huu wote nimetafuta neno la heshima kwa ajili ya ninachokihisi nikikuona kwenye simu. Nimetafuta kwa sababu ulikuwa mtoto wangu kabla hujawa mdogo wangu, na mpaka leo mtoto akilia kwa sikio sokoni hapa ninageuka. Sijalipata. Nakudharau, Festo. Nakudharau kwa utulivu kabisa, nikiwa nimekula na kushiba. Watu wanakupigia makofi kwa kuwaambia kwamba walikuwa kitu kimoja safi tangu mwanzo na kwamba wageni ndio waliowaharibu, na unawaambia hayo ukiwa mtoto wa mwanamke wa Rungwe uliyemzika kama mtu aliyeiba. Ungekuwa umekosea mila tu ningekusaidia kutengeneza. Mama alisema maneno ya Kiswahili chepesi mbele yako, na hukuwa na nafasi ya kuyasikia kwa sababu ulikuwa ukisubiri mababu.

Basi, haya ndiyo yatakayokuwa siku ya kumbukumbu, na hayajadiliwi kwenye kundi.

Mama mdogo Lugano atakuja. Nimekwenda Iyunga mwenyewe kumwomba radhi na kumwalika, nimekaa kwake mpaka akakubali. Ngoma yao itafunguliwa. Baba mdogo Chelestino na wazee wenzake wameridhia. Alichosema ni kwamba yeye ni Mhehe wa kutosha na hatapungua kwa kuwatazama wanawake wakicheza. Wale mabibi wa pareto waliobaki nao wameniambia watafunga kanga, magoti yakikubali. Hawajui kucheza kwa namna ya Kinyakyusa, watacheza walivyozoea. Utakuwa mchanganyiko ambao haujawahi kuonekana Kilolo. Inawezekana utawapendeza watu na wakaanza kuufanya kwenye misiba mingine, na siku moja atatokea mpumbavu mwenye kamera kusema ndivyo Wahehe walivyozika tangu dunia iumbwe. Atakuwa amekosea kama wewe, lakini angalau watu watakuwa wamecheza.

Tutapika wali. Mama Hansa atakuja, ameomba alete maandazi yake na nimemkubalia. Turubai halitafunika mgomba.

Vijana wako wa ngoma walete ukitaka. Sina neno nao. Wanapiga vizuri, na ile sehemu ya katikati Mama aliipenda. Wewe mwenyewe pia unaruhusiwa, ni kwenu. Acha kamera. Mgolole njoo nao, kule kuna baridi. Kipaza sauti hakitakuwepo, na mahali pako pa kukaa patakuwa pembeni karibu na jiko, pale pale walipokaa wale wageni kutoka Mbeya.

Na wimbo utaimbwa. Utaanzwa na Mama mdogo kwa sauti ya mama yake, mabibi watauitikia kwa Kihehe, na utaimbwa wote, pamoja na ule mstari wa mwisho uliokatwa na mwalimu wa kwaya, ambao vijana wako hawakuwahi kuusikia na wewe uliusikia kila siku mpaka ukapata usingizi. Mama alikuwa akiumalizia hapo, kikapu hakijajaa, wewe umebana taya kwa maumivu, mgongo wake unamuuma. Nauandika hapa ili siku hiyo usipate shida ya kuutafsiri.

Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kidogo, mama acheze.

Dada yako,
niliyeshika kikapu